Kadi zote ziko, namba imeibwa: barua ya wazi kwa wakuu wa kodi wa Marekani

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa IRS, Mamlaka ya Mapato ya Marekani, na kwa Waheshimiwa wajumbe wa kamati zinazosimamia kodi katika Baraza la Wawakilishi na Seneti.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Louisville, Kentucky, kwa lugha ya watu ninaowasemea. Najua barua hii itawafikia kupitia kwa mkalimani, kama ambavyo barua zenu hutufikia sisi. Naomba isomwe polepole. Zenu tunazisoma hivyo hivyo, neno kwa neno, na mara nyingi anayetusomea ni mtoto wa shule.

Kuanzia mwisho wa Januari hadi tarehe 15 Aprili, jioni mbili kwa wiki, hukaa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa nikiwasaidia watu kufaili taksi bure, katika mpango wenu wa kujitolea uitwao VITA. Wengi wanaokuja ni Wakongo wa Kivu na Warundi waliopitia Nyarugusu, wengine Kakuma. Mimi nimekulia Kasulu, wilaya ile ile ilipo kambi ya Nyarugusu, kwa hiyo tukikutana hapa huanza kwa kuulizana habari za kule kabla hata ya kuwasha kompyuta. Nasema haya ili mjue ninapoketi. Cheo sina. Nina cheti cha mtihani wenu, meza ya kukunja, na watu wanaoniamini na karatasi zao.

Jioni moja ya Februari alikuja mama wa watoto wanne. Usiku hupanga vifurushi kwenye ghala, na jioni hiyo alikuwa njiani kwenda zamu, reflekta ya njano tayari ameivaa juu ya koti la baridi. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye zipu, wa aina ile ya kuhifadhia nyama kwenye friza, na humo ndimo alimokuwa ameweka maisha yake yote ya Marekani: kadi tano za soshoo, yaani za namba ya hifadhi ya jamii, W-2 ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, karatasi za shule za watoto, mkataba wa nyumba. Alifuatana na binti yake mkubwa wa miaka 14, kama ilivyo kawaida ya watoto wetu, ambao hubebeshwa karatasi za wazazi wao tangu wakiwa wadogo. Tukajaza, tukapitia mstari kwa mstari, akatia sahihi, nikatuma.

Kesho yake jibu likarudi na alama ya kukataliwa: R0000-902-01. Wanaofanya kazi hii wanaijua kwa moyo. Maana yake ni kwamba kwa namba hiyo ya soshoo, kwa mwaka huo, ritani nyingine, yaani fomu nyingine ya kodi ya mwaka, imeshapokelewa.

Nikamwita arudi. Nilikuwa nimechapisha maelezo yaliyotolewa na programu, na kabla sijafungua mdomo yule binti alishayasoma. Akamgeukia mama yake: "Mama, wanasema kitambulisho chako kimeibwa."

Mama hakusema neno. Alifungua zipu ya mfuko, akatoa kadi za soshoo, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, yake kwanza, kisha za watoto kwa kufuata umri. Akazihesabu kwa kidole. Tano. Akaniangalia.

"Dada, zote ziko. Sasa banasema miye si miye?"

Swali hilo sijaweza kuliweka chini tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike. Barua hii haidai faili lake. Faili lake lina njia zake, na sitaki kulitangaza. Ninaloleta kwenu ni lile jambo ambalo swali lake lililigusa bila yeye kujua: Marekani imefanya namba moja kuwa jina la mtu, na papo hapo ikaifanya kuwa ufunguo wake.

Namba ya soshoo anaiuliza mwajiri. Anaiuliza mwenye nyumba. Hospitali wanaiuliza, benki wanaiuliza, kampuni ya simu inaiuliza. Kitu kinachoulizwa na kila mtu ni jina, na jina halifichiki. Lakini kwenye mlango wenu namba hiyo hiyo inatumika kama siri, kwamba anayeijua, pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, ndiye mwenyewe. Waliotengeneza kadi hizo zamani walilijua tatizo hili. Kuanzia 1946 kadi ya soshoo iliandikwa kwamba ni kwa matumizi ya hifadhi ya jamii na wala isitumike kumtambulisha mtu. Maneno hayo yaliondolewa mwaka 1972. Wakati huo nanyi mlishaanza, tangu miaka ya mwanzo ya 1960, kuitumia namba ile ile kumtambua mlipakodi.

Tangu hapo siri hiyo imemwagika mara nyingi, na waliomwaga hawakuwa kina mama wenye mifuko ya zipu. Mwaka 2017 taarifa za watu takriban milioni 147 zilichukuliwa kutoka Equifax, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo. Mwaka 2015 wezi waliingia kwenye huduma yenu wenyewe ya kuchukua nakala za ritani, na hesabu ilipokamilika mwaka uliofuata, akaunti zilizoguswa zilikuwa zaidi ya 700,000. Sitaji haya kwa kuwalaumu watu wa leo kwa mambo ya juzi. Nayataja kwa sababu tukimwambia yule mama awe mwangalifu na namba yake, tunamwambia afunge mlango wa nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma ulishabomoka.

Kwa watu wetu ukuta huo ni mwembamba zaidi. Mkimbizi aliyeandikishwa kambini akiwa anajua mwaka wake wa kuzaliwa tu, au hata huo akiwa ameukisia, hupewa tarehe ya kwanza ya Januari. Nimekaa mezani na familia ambamo baba, mama na bibi wote wamezaliwa Januari Mosi. Anayetaka kukisia tarehe ya kuzaliwa ya mkimbizi hahitaji kuhangaika.

Halafu kuna majina. Kwetu mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si lazima afanane na baba, na ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti ya mwisho. Kwenye karatasi za safari jina la kwanza hugeuka la mwisho, kwenye kadi ya soshoo likageuka tena. Matokeo yake watu wetu wengi hukataliwa ritani kwa alama nyingine, R0000-500-01, ambayo ni ya herufi nne za mwanzo za jina la ukoo kutolingana na kumbukumbu za soshoo. Hapo hakuna mwizi. Ni kosa la kuandika tu, na tunalirekebisha kwa dakika kumi. Lakini kwa mtu aliyeshika karatasi ya kukataliwa, alama hizi mbili ni kitu kimoja: mfululizo wa herufi na tarakimu usiosema kama ameibiwa au amekosea. Aliyekosea anaogopa kama aliyeibiwa, na aliyeibiwa, kwa kuwa mwaka jana alikataliwa kwa sababu ya jina tu, anadhani ni yale yale na hafanyi lolote.

Nije kwenye kanuni yenyewe. Wahenga walisema wa mbele kisimani ndiye anywaye maji maenge. Mfumo wenu wa kupokea ritani kwa kompyuta umejengwa juu ya methali hiyo. Ritani ya kwanza kufika kwa namba fulani hupokelewa, ya pili hurudishwa. Sasa mwajiri ana hadi tarehe 31 Januari kumpa mfanyakazi W-2 yake, na mfanyakazi mwaminifu anaisubiri, kwa sababu bila hiyo hana cha kuandika. Mwizi hasubiri. Anatunga mshahara wake mwenyewe na kutuma siku mnapofungua msimu, ili alipwe yeye refandi, yaani kodi inayorudishwa. Kwa hiyo karibu kila mara anayefika wa pili ni mwenye namba, na yeye ndiye anayeambiwa hapokelewi.

Na akishakataliwa, angalieni kazi inamwangukia nani. Sharti achapishe ritani nzima kwenye karatasi. Ajaze Fomu 14039, kiapo cha kuibiwa utambulisho, na kutia sahihi chini ya adhabu ya kusema uongo. Aambatanishe, apeleke posta, asubiri. Nilipomfasiria yule mama maneno ya adhabu yaliyo juu ya mstari wa sahihi, aliweka kalamu chini. Aliniuliza kama karatasi hii itamharibia uraia, kwa sababu amesikia kwamba fomu ya kuomba uraia inauliza habari za kodi. Ni kweli inauliza. Ikanibidi nimweleze kwamba anayetakiwa kuogopa ni yule aliyetuma ya kwanza. Nilitumia karibu nusu saa kwenye jambo hilo moja, na foleni ilikuwa imefika mlangoni, lakini sikuona namna ya kumharakisha mtu anayeapa kwamba yeye ni yeye.

Mwaka uliotangulia alikuwa amefaili kwa mtu wa duka moja linalouza kadi za simu na kutuma pesa. Alimtoza dola 300, akapiga picha kadi zote tano kwa simu yake, na pale chini ambapo mtayarishaji hutia sahihi na namba yake ya utayarishaji, PTIN, pakaachwa wazi. Nyinyi mna jina la watu hawa, mnawaita watayarishaji mizimu. Sina ushahidi kwamba ndiye aliyemwibia, na duka lake silitaji. Nataka kusema hili kwa wajumbe wa kamati: hapa Kentucky kinyozi hawezi kushika mashine bila leseni, lakini mtu anaweza kupokea namba za soshoo za familia nzima na kulipwa kwa kazi hiyo bila mtihani wowote. IRS ilijaribu kuwawekea mitihani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema sheria haiipi uwezo huo. Mwenye kuweza kuipa uwezo huo ni Bunge. Miaka imepita, na watu wetu bado wanapeleka mifuko yao ya zipu dukani kwa sababu dukani ndiko kunakozungumzwa Kiswahili.

Sasa nifike kwenye ninaloliomba kwa moyo wote, na kama mtasoma aya moja tu ya barua hii, naomba iwe hii. Kufuli lipo. Mlilitengeneza wenyewe. Ni ile namba ya tarakimu sita mnayoiita IP PIN, inayobadilika kila mwaka, na ritani ya kompyuta isiyokuwa nayo hairuhusiwi kupita hata kama mwizi ana namba ya soshoo, jina, tarehe ya kuzaliwa na kila kitu. Mlianza kuitoa mwaka 2011 kwa waliokwisha kuibiwa. Baadaye mkawafungulia wakazi wa Florida, Georgia na jiji la Washington, D.C., ambako wizi huu ulikuwa umekithiri. Januari 2021 mkaifungua kwa nchi nzima. Ni kazi nzuri, na nawashukuru kwayo. Lakini katika jioni zote ninazokaa ukumbini, mtu mgeni anayekuja tayari anayo, bila kuwa ameshaibiwa, ni nadra sana kumwona. Hawajawahi kuisikia.

Na wanaoisikia, njia yake ni hii. Wafungue akaunti ya mtandaoni, kwa simu yenye kamera nzuri, wapige picha kitambulisho, wapige picha uso. Kama majina ya kwenye kitambulisho yamegeuka na ya kwenye soshoo hayakugeuka, safari imeishia hapo. Wakishindwa, kuna Fomu 15227 kwa wenye kipato kisichozidi kiwango mlichoweka, kisha wasubiri kupigiwa simu. Simu ya namba wasiyoijua, inayosema inatoka IRS. Watu hawa hawa tumewafundisha, nanyi mmewafundisha, kwamba anayepiga simu na kujiita IRS mara nyingi ni tapeli. Wanakata. Njia ya tatu ni kupanga miadi na kwenda ofisini na vitambulisho, saa za mchana, na aliyefanya kazi usiku kucha achague kati ya miadi na usingizi.

Pendekezo langu ni rahisi. Mkimbizi anapofika nchi hii, shirika linalompokea humpeleka kuomba namba ya soshoo katika wiki zake za mwanzo. Siku hiyo anasimama mbele ya ofisa wa serikali akiwa na karatasi za uhamiaji, picha na alama za vidole zilizokaguliwa na idara kadhaa kabla hajapanda ndege. Hakuna siku nyingine katika maisha yake ya Marekani ambayo serikali itakuwa na uhakika zaidi kwamba yeye ni yeye. Siku hiyo ndiyo siku ya kumpa kufuli pamoja na mlango. Akipewa namba ya soshoo, aandikishwe papo hapo kwenye IP PIN, yeye na watoto wake. Kwa wale wasioitaka, waruhusiwe kukataa. Leo utaratibu umegeuzwa: mlango anapewa siku ya kwanza, kufuli anapewa akishaibiwa.

Watoto nimewataja makusudi. Namba ya mtoto ni tamu kwa mwizi kwa sababu hakuna anayeiangalia. Mtu asiyemjua humwandika kama mtegemezi wake, na mzazi akifaili anakutana na alama nyingine, R0000-507-01. Tangu msimu wa 2025 mmeweka kanuni mpya, kwamba mzazi akiwa na IP PIN yake, ritani yake ya kompyuta itapokelewa hata kama mtoto ameshaandikwa na mtu mwingine, kisha nyinyi ndio mchunguze nani mkweli. Hiyo ni haki. Lakini oneni ilikoelekeza mambo: aliye na IP PIN anapita, asiye nayo anarudi kwenye karatasi na posta. Faida yote ya kanuni hiyo iko mikononi mwa waliokwisha kuipata namba ile.

Najua pingamizi, kwa sababu nami nimejipinga nayo. IP PIN hubadilika kila mwaka, na mpya hutafutwa kwenye akaunti ya mtandaoni au hutumwa kwa barua. Watu wetu wanahama. Leo wako Louisville, mwezi ujao shemeji amewaambia kuna kazi ya kiwanda cha nyama Iowa na wameshafunga mizigo. Barua inafika kwenye nyumba yenye wapangaji wengine. Aliyepoteza IP PIN naye ritani yake itarudishwa, na tutakuwa tumemfungia nje ya nyumba yake kwa kufuli lake mwenyewe. Pingamizi hiyo ni ya kweli, na jibu lake mnalo tayari katika sehemu nyingine ya kazi zenu. Kwa wale wasio na soshoo wanaoomba ITIN, namba ya kodi ya asiye na soshoo, mmeidhinisha mawakala mnaowaita CAA, wakiwemo watu wa vyuo, wahasibu na vituo vya jamii, kukagua pasipoti za waombaji ana kwa ana na kuthibitisha kwa niaba yenu. Mnawaamini kwa pasipoti. Waaminini, pamoja na vituo vya VITA vitakavyofunzwa, kumthibitisha mtu aliyepoteza IP PIN yake, akiwa amekaa mbele yao na kadi zake mezani. Mama yule angekuwa amemaliza jioni ile ile kabla ya zamu.

Kuhusu muda, sitatumia habari za mtu yeyote ninayemjua, kwa sababu ushahidi uko kwenye kabati zenu. Katika ripoti ya Juni 2024, Erin Collins, akiwa Mtetezi wa Taifa wa Walipakodi, aliliambia Bunge kwamba faili la mtu aliyeibiwa utambulisho lilikuwa likichukua wastani wa zaidi ya miezi 22 kumalizika, na kwamba mafaili takriban 500,000 yalikuwa yakingoja. Alitumia neno zito, la jambo lisiloweza kukubalika mbele ya dhamiri, na alieleza kwamba wengi wa wanaongoja ni watu wa kipato cha chini. Ripoti ya Juni 2025 ilionyesha nafuu ndogo, takriban miezi 20, na ikaonyesha vilevile kwamba katika miezi michache ya mwaka huo zaidi ya robo ya wafanyakazi wa IRS walikuwa wameondoka.

Miezi 20 ni nini? Kwa mfanyakazi mwenye watoto watatu au zaidi, nafuu ya kodi ya kipato cha kazi pekee kwa mwaka 2024 inaweza kufika dola 7,830, na juu yake kuna ile ya watoto. Kwa watu ninaokaa nao, refandi ndiyo gari la kuendea kazini, ndiyo deni la nauli ya ndege waliyokopeshwa kuja huku, ndiyo dhamana ya nyumba yenye chumba cha pili. Kwa sheria ya mwaka 2015, refandi za namna hii huzuiwa hadi katikati ya Februari ili mpate muda wa kulinganisha taarifa za waajiri na kuwakamata wezi. Hilo watu wetu wanalivumilia, na nikiwaeleza sababu wanaitikia. Wiki chache za kungoja kwa ajili ya kumzuia mwizi zinaeleweka. Anayengoja karibu miaka miwili baada ya mwizi kuondoka ni vigumu kumweleza. Naomba, wakati mnapotafuta namna ya kupunguza rundo zima, ritani za familia zenye watoto na mshahara uliothibitishwa na W-2 ya mwajiri zitangulie. W-2 hiyo mnayo. Mwajiri aliwatumia. Ya mwizi haikulingana na chochote.

Na wajumbe wa kamati, kupunguza rundo kunataka watu wa kufungua bahasha na kusoma viapo. Naomba mlikumbuke hilo mnapopanga bajeti.

La mwisho ni lugha. Mlipotoa ile fomu ya kuchagua lugha, pamoja na ritani za mwaka 2020, mliweka machaguo 20 zaidi ya Kiingereza. Nilifurahi, nikaisoma orodha yote. Kihaiti kimo, Kigujarati kimo, Kikhmer kimo, na hao ni majirani zetu, wanastahili. Kiswahili hakimo. Najua kwenye simu mna wakalimani wa lugha zaidi ya 350, na nimewasikia wakifanya kazi nzuri. Lakini barua ndiyo inayofika kwanza. Barua yenu ya 5071C, ile inayomwomba mtu athibitishe kuwa ndiye aliyetuma ritani, hufika kwa Kiingereza, ikimwambia awe na ritani ya mwaka huu na ya mwaka uliopita mkononi. Mtoto anaisoma, anasema kitambulisho kimeibwa, mama anafungua mfuko, anahesabu kadi, zimetimia, na anarudisha barua kwenye bahasha akiamini wamekosea mtu.

Ningependa barua iseme hivi, nami nawapa maneno haya bure, myatumie mnavyotaka: "Mtu mwingine ametumia namba yako ya soshoo kuomba refandi kwa jina lako. Kadi yako unaweza kuwa nayo mkononi na bado namba ikawa imetumiwa. Hujashtakiwa kwa kosa lolote, na jambo hili haligusi uraia wako. Ritani yako ya kweli tunaihitaji bado. Usimpe namba hizi mtu anayekupigia simu." Sentensi tano. Zingekaa juu ya barua, kabla ya alama na namba za sheria.

Ndugu zangu mnaosoma barua hii pembeni, nawageukia kidogo. Ukikataliwa kwa 902, usitume tena na tena kwenye kompyuta, haitapita. Ipeleke ritani kwa karatasi pamoja na Fomu 14039, kwa barua ya rejista, na ubaki na nakala ya kila ukurasa. Usiache kufaili mwaka unaofuata. Omba IP PIN yako na za watoto. Funga taarifa zako za mikopo kwenye kampuni zote tatu zinazotunza kumbukumbu hizo, tangu 2018 ni bure. Ukipata shida ya kifedha kwa sababu ya kungoja, Fomu 911 inakwenda kwa ofisi ya Mtetezi wa Walipakodi, na ziko kliniki za sheria za kodi kwa wenye kipato kidogo, zinazosaidia bila malipo au kwa malipo kidogo sana. Na mtu anayekutengenezea taksi, hakikisha ametia sahihi yake chini. Asipotia, chukua karatasi zako uondoke.

Waheshimiwa, yule mama alitia sahihi. Aliandika jina lake taratibu, kwa mpangilio ule ule wa kwenye kadi, akikagua kila herufi, kisha akaniuliza kama imeonekana vizuri. Kesho yake tulikwenda posta pamoja asubuhi, yeye akiwa ametoka kazini. Bahasha ilikuwa nene. Risiti ya posta aliikunja mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa zipu pamoja na kadi tano, akaufunga, akaminya hewa yote itoke.

Kama mtaamua kulijaribu hili la kumpa mtu IP PIN siku anapopata soshoo, na la kumthibitisha mezani anapoipoteza, anzieni hapa kwetu. Ukumbi upo Jumanne na Alhamisi, meza zipo, na wa kufasiri tupo. Msimu unafunguliwa mwisho wa Januari.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Louisville, Kentucky, wa kujitolea katika VITA